Siku Nzima ya Rolakosta Cedar Point: Mwongozo Kamili kwa Kikundi

Kila kiangazi mimi husikia malalamiko yaleyale. Kikundi cha watu kumi au kumi na watano hutoka Columbus, Dayton au Cleveland alfajiri na kufika Cedar Point, ile bustani ya burudani iliyo kwenye rasi inayoingia Ziwa Erie karibu na mji wa Sandusky, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Jioni hurudi nyumbani wakiwa wamepanda rolakosta tatu au nne, yaani zile treni za burudani zinazopanda na kuteremka kwa kasi kwenye reli zilizoinuliwa, ingawa bustani ina zaidi ya 15.

Wengi hulaumu foleni. Nimesafiri na vikundi vya namna hiyo mara nyingi, nami naona kwamba siku hupotea kwa mambo mengine matatu: watu kusubiriana, mizigo, na kila mtu kuanza na rolakosta ya kwanza anayoiona akiingia. Hatua zinazofuata zimepangwa ili kuyaondoa hayo.

## Vitu vya kuandaa

- Tiketi ya kuingia na ya maegesho, vyote vinunuliwe mtandaoni mapema na kuhifadhiwa kama picha kwenye simu. Intaneti ikikwama langoni, picha itakuokoa.
- Programu ya simu ya bustani, kwa ajili ya ramani na muda wa kusubiri wa kila rolakosta.
- Raba za kufunga kwa kamba na jozi ya pili ya soksi. Utatembea kilomita nyingi, na soksi zilizoloa hutoa malengelenge kabla ya saa nane mchana.
- Nguo yenye mifuko ya zipu, au kipochi kidogo cha kiunoni. Mfuko wa kawaida haushiki kitu treni inapoteremka.
- Kamba ya miwani kwa anayevaa miwani.
- Ushungi wa kuvuta kichwani usio na pini kwa akina mama na akina dada wanaojifunika. Mtandio wa kuzungushia hufunguka kwa upepo, unaweza kunasa mahali, na wahudumu watakuzuia usipande nao ukiwa umelegea. Pini nazo huchoma shingo pale kichwa kinapobanwa kwenye kiti.
- Losheni ya jua, koti jepesi la mvua na chupa tupu ya maji.
- Pawabanki moja kwa kila watu wanne.
- Kikasha cha barafu chenye chakula, kitakachobaki garini.

Begi la mgongoni liache nyumbani. Kila begi linamaanisha kabati la kukodi au mtu wa kulilinda, na mtu huyo hatapanda chochote.

## Hatua ya 1: Chagueni siku ya katikati ya wiki

Jumanne, Jumatano na Alhamisi ndizo siku bora katika miezi ya Juni hadi Agosti. Jumamosi ya kiangazi ni ngumu, na Jumamosi za Oktoba ni ngumu zaidi, kwa kuwa watu wa majimbo ya jirani hufurika kwa ajili ya sherehe za Halloween. Tazameni pia kalenda ya bustani kabla ya kuomba ruhusa kazini, maana saa za kufungua na kufunga hubadilika kulingana na msimu.

Kuna pasi ya kulipia inayokuwezesha kupita njia fupi ya foleni, na bei yake hupanda siku za watu wengi. Ushauri wangu ni kwamba kikundi kinunue wote au asinunue yeyote. Nusu wakiwa nayo na nusu wakiikosa, kikundi kitakuwa kimegawanyika tangu rolakosta ya kwanza.

## Hatua ya 2: Gawanyeni kikundi kabla ya kuondoka

Hapa ndipo vikundi vyetu hushindwa zaidi, kwa sababu sisi ni watu wa kwenda pamoja na tunaona vibaya kumwacha mwenzetu nyuma. Watu kumi na watano wanaotembea kama kundi moja husimama kila mmoja anapotaka kwenda msalani, kununua soda au kupiga picha. Kila kisimamo kikichukua dakika kumi, visimamo sita vinakula saa nzima.

Jigaweni katika vikundi vya watu wanne. Idadi hiyo ina maana yake: mabehewa ya rolakosta iitwayo Millennium Force yana viti vinne vinne, na nyingine iitwayo Raptor huwaketisha watu wanne kwa safu, hivyo mtapanda pamoja bila mmoja kubaki. Kila kikundi kiwe na kiongozi mmoja ambaye neno lake ndilo la mwisho. Kukutana kwa pamoja kuwe mara mbili tu, wakati wa chakula cha mchana na saa moja kabla ya kufunga, mahali palipotajwa kwa jina.

Kabla ya kugawana, kila mtu aseme ukweli kuhusu mambo mawili. La kwanza ni afya. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, au tatizo la mgongo na shingo hapaswi kupanda rolakosta kubwa, na hilo si jambo la kumshawishi mtu wala kumtania. La pili ni kimo. Rolakosta za Millennium Force na Magnum zinahitaji angalau sentimita 122, Steel Vengeance na Maverick sentimita 132, na Raptor sentimita 137. Mpimeni mtoto nyumbani, kwa sababu mtoto anayekataliwa baada ya kusimama foleni kwa dakika hamsini hulia hadi jioni, na mzazi huondoka naye.

Wazazi wenye watoto wadogo waulize huduma kwa wageni kuhusu utaratibu wa kupokezana, ambapo mzazi mmoja hupanda, kisha wa pili hupanda bila kuanza foleni upya.

## Hatua ya 3: Muwe langoni kabla halijafunguliwa

Pangeni kufika maegeshoni saa moja kabla ya muda wa kufungua. Kutoka Columbus ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, na kutoka Cleveland ni kama saa moja, lakini barabara inayokatiza maji kuingia kwenye rasi hujaa mapema. Ongezeni nusu saa.

Wageni waliolala kwenye hoteli za bustani huruhusiwa kuingia mapema, kwa hiyo msishangae kukuta foleni ndani mnapoingia. Paka losheni ya jua ukiwa garini na uende msalani kabla ya ukaguzi wa usalama. Lango likifunguliwa, kazi yenu iwe ni kutembea tu.

## Hatua ya 4: Saa ya kwanza, nendeni mwisho wa rasi

Rolakosta ya kwanza mtakayoiona ni GateKeeper, ambayo reli zake zinapita juu kabisa ya lango kuu, na watu hupita vichwa vyenu huku wakipiga mayowe. Hatua chache mbele mtaiona Raptor. Zote mbili ni nzuri sana, na kwa sababu hiyohiyo umati mzima husimama hapo. Msisimame.

Tembeeni moja kwa moja hadi upande wa nyuma, mwendo wa takriban robo saa kwa hatua za haraka, ambako kuna Steel Vengeance na Maverick. Hizi mbili hupendwa mno na wapenzi wa rolakosta, na treni zao hubeba watu wachache: 24 kwa Steel Vengeance na 12 tu kwa Maverick. Kadiri treni inavyobeba wachache, ndivyo foleni inavyonenepa haraka mchana.

Anzeni na Steel Vengeance. Ilifunguliwa mwaka 2018 kwa kutumia sehemu ya nguzo za mbao za rolakosta ya zamani iliyoitwa Mean Streak, zikawekewa reli za chuma. Ina urefu wa mita 62 kwenda juu, mteremko wa kwanza unaoshuka wima, na inakupindua kichwa chini mara nne. Kisha vukeni kwenda Maverick, ambayo mteremko wake umeinama nyuzi 95, yaani unaingia ndani kupita wima.

Tahadhari moja: msiijenge siku yenu juu ya rolakosta ya Top Thrill 2, hata kama ndiyo iliyowaleta. Inafika mita 128 na kilomita 193 kwa saa, na treni yake hurushwa mara tatu, mbele, nyuma, kisha mbele tena. Ni mtambo mgumu. Ilifunguliwa mwaka 2024, ikafungwa siku chache baadaye kwa marekebisho ya treni, ikarudi mwaka 2025. Ikiwa inafanya kazi mnapopita na foleni ni fupi, ingieni mara moja. Ikiwa imesimama, piteni, wala msikae chini kuisubiri.

Mmefaulu hatua hii kama mmepanda Steel Vengeance na Maverick kabla ya saa moja na nusu kupita tangu lango lifunguliwe.

## Hatua ya 5: Jifunzeni kuisoma foleni wenyewe

Muda unaoonyeshwa kwenye programu na kwenye mabango ni makadirio, na mara nyingine unachelewa kufuata hali halisi. Wazoefu huhesabu wenyewe, na hesabu yake haizidi dakika tatu.

Simama mahali unapoiona treni ikiondoka kituoni. Tazama saa, usubiri treni inayofuata iondoke, kisha tazama tena. Tuseme Steel Vengeance inatoa treni kila baada ya dakika mbili: watu 24 kwa dakika mbili ni watu 720 kwa saa. Sasa hesabu watu waliopo kwenye mkunjo mmoja wa foleni, zidisha kwa idadi ya mikunjo iliyojaa. Ukipata watu 360, utasubiri nusu saa. Fanya vivyo hivyo kwa Millennium Force, ambayo treni yake inabeba 36: kwa muda uleule wa dakika mbili hupitisha watu 1,080 kwa saa, kwa hiyo foleni ya watu 360 huko ni dakika 20 tu.

Ndiyo maana foleni mbili zinazoonekana sawa kwa macho zinaweza kutofautiana sana. Usiogope foleni ndefu ya treni kubwa, na usidanganywe na foleni fupi ya treni ndogo.

Hesabu pia idadi ya treni zilizo njiani. Reli imegawanywa katika sehemu, na mfumo wa breki hauruhusu treni mbili kuwa katika sehemu moja. Treni moja ikiondolewa kwa ukaguzi, watu wanaopita kwa saa hupungua ghafla. Ukiona treni moja tu inazunguka mahali ambapo kwa kawaida huzunguka tatu, ondokeni mrudi baadaye.

## Hatua ya 6: Kaeni kitini kwa namna inayofaa

Mtu mwenye mwili mkubwa au mapaja mapana ajaribu kwanza kiti cha mfano kilichowekwa karibu na mlango wa foleni za rolakosta kubwa. Mkanda wa Millennium Force hasa huwasumbua wengi, na ni afadhali kujua hilo mlangoni kuliko mbele ya treni iliyojaa.

Ukiitwa kuketi, sukuma makalio hadi nyuma kabisa ya kiti kabla chuma cha mapajani hakijashuka. Nafasi ndogo inayobaki nyuma yako ndiyo inayokuumiza, kwa sababu treni ikikunyanyua unarudi chini kwa kishindo. Funga mkanda, shusha chuma hadi kiguse mapaja, kisha mwache mhudumu akimalizie. Atavuta mkanda wako mara moja, atasukuma chuma kwa kiganja, atasogea kwa jirani yako, na mwishoni atainua kidole gumba kuelekea chumba cha mwendeshaji. Usijibane mwenyewe kwa nguvu: chuma kilichobana mno hakifunguki njiani, na utashuka ukichechemea.

Kwenye Raptor, ambapo miguu inaning'inia na mabega yanashikiliwa na vyuma, kichwa kikae kimeegemea kiti muda wote. Vua hereni kwanza. Mwenzetu mmoja aliacha hereni za duara masikioni, na aliposhuka sikio lake la kushoto lilikuwa limevimba na lina alama nyekundu ya duara ileile.

Simu, funguo na kofia viwe ndani ya zipu iliyofungwa kabla ya kupanda ngazi za kituo. Steel Vengeance ina masharti makali kuhusu vitu vya mfukoni, kwa hiyo someni bango la mlangoni, maana masharti hubadilishwa. Simu inayodondoka kutoka mita 60 inaweza kumuua mtu aliye chini.

Treni ikisimama kwenye mpando, yaani pale inapovutwa kwenda juu kabla ya mteremko, tulieni. Mifumo ya usalama husimamisha treni hata kwa hitilafu ndogo, na kando ya mpando kuna ngazi ambazo wahudumu huzitumia kuwashusha watu ikibidi. Asijaribu mtu kujifungua.

## Hatua ya 7: Chagueni kiti kwa sababu

Waulize wapenzi wa rolakosta watatu kuhusu kiti bora na utapata majibu matatu, lakini kanuni iliyo chini ya majibu hayo ni moja. Treni ni ndefu. Mbele inapofika kileleni na kuanza kuinama, nyuma bado inapanda, kwa hiyo mbele huvuka kilele polepole na kubaki ikining'inia. Nyuma inapofika kilele hichohicho, treni imeshashika kasi, nawe unavutwa juu yake kwa nguvu hadi unanyanyuka kitini.

Kwa hiyo, anayetaka kuona na kupigwa na upepo akae mbele. Kwenye Millennium Force, inayopanda hadi mita 94 na kukimbia kilomita 150 kwa saa, safu ya kwanza inakupa ziwa lote kabla ya kuteremka. Anayetaka kunyanyuliwa akae nyuma, hasa Steel Vengeance. Magnum XL-200, ambayo mwaka 1989 ilikuwa rolakosta ya kwanza ya mzunguko kamili, yaani ambayo treni huzunguka reli nzima hadi kurudi kituoni, kuvuka mita 61, ina vilima vikali katika nusu ya mwisho kando ya ufuko, na wazoefu hupigania safu ya tatu ya behewa la kwanza. Mara ya kwanza nilipokaa hapo niliupoteza mguso wa kiti mara nyingi kiasi kwamba nilisahau kuhesabu.

Foleni ya safu ya kwanza huwa ya peke yake ndani ya kituo. Isubirini mara moja tu kwa siku, kwenye rolakosta mliyoipenda kuliko zote.

Ukihisi macho yanaingia giza chini ya mteremko, hiyo ni damu inayoshuka kutoka kichwani kwa uzito wa mkunjo. Kaza misuli ya miguu na tumbo, na upumue kwa vipande vifupi. Ikitokea mara mbili mfululizo, pumzika, kunywa maji, kula kitu.

## Hatua ya 8: Mchana, punguzeni mwendo

Kuanzia saa saba hadi saa kumi foleni huwa ndefu kuliko wakati wowote. Huo ndio muda wa chakula. Chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi ndani, lakini mnaweza kutoka na kurudi siku hiyohiyo mkifuata utaratibu wa langoni. Sisi hula maegeshoni: wali, kuku aliyechomwa usiku uliotangulia, na matikiti kutoka kwenye kikasha cha barafu, huku wanaoswali wakipata nafasi yao. Msile pilau lenye mafuta mengi kisha mkakimbilia kupinduka. Subirini dakika arobaini.

Mkirudi, pandeni zile ambazo umati huzipita: Gemini ya mwaka 1978, ambayo treni mbili hushindana bega kwa bega, na Blue Streak ya mbao ya mwaka 1964. Anayehesabu rolakosta alizopanda maishani, kama wafanyavyo wanachama wa American Coaster Enthusiasts, chama cha wapenzi wa rolakosta kilichoanzishwa mwaka 1978, atajua kwamba kila rolakosta huhesabiwa mara moja, iwe kubwa au ndogo. Treni ya mvuke inayopita ndani ya bustani nayo hupumzisha miguu huku ikiwasogeza.

## Hatua ya 9: Ziwa ndilo linaloamua

Upepo ukizidi, rolakosta ndefu husimamishwa kwanza. Radi ikikaribia, zote husimama. Ingieni kwenye jengo, kaeni karibu na upande wa bustani mnaotaka kuendelea nao, na msirudi nyumbani. Dhoruba za kiangazi juu ya Ziwa Erie mara nyingi hupita upesi, ilhali maelfu ya watu huwa wameshakimbilia magari. Foleni fupi kuliko zote nilizowahi kuziona hapo zilikuwa baada ya mvua ya saa kumi na moja jioni.

Mvua nyepesi isiyo na radi haizuii kila kitu, lakini kwa kilomita 150 kwa saa kila tone hupiga uso kama punje ya mchanga. Kaa nyuma, uinamishe uso kidogo.

## Hatua ya 10: Jioni, rudieni mliyoipenda

Rolakosta haiko sawa asubuhi na usiku. Grisi ya beringi na magurudumu hupata joto kwa kazi ya siku nzima, msuguano hupungua, na treni hupita vilima vilevile kwa kasi zaidi. Steel Vengeance mliyoipanda asubuhi itawashangaza mkiirudia gizani.

Kutaneni wote saa moja kabla ya kufunga, hesabuni watu, chagueni rolakosta moja ya mwisho. Kwa kawaida aliyekwisha kuingia kwenye foleni kabla ya saa ya kufunga huruhusiwa kupanda, kwa hiyo ingieni dakika kumi kabla, mtapanda taa za bustani zikiwa bado zinawaka na ziwa likiwa jeusi pembeni.

Dereva asiingie kwenye foleni hiyo ikiwa amechoka. Aende garini, alale dakika thelathini wakati magari mengine yanasukumana kwenye barabara ya kutoka, nanyi mtamkuta akiwa tayari.